Maadili Si Somo la Mtihani
Wanafunzi wa sheria wa vyuo vikuu vyetu wanatueleza kwamba somo la maadili hukaririwa usiku, huandikwa asubuhi, na jioni limekwisha sahaulika. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 wameihifadhi. Wanajua fedha za mteja hazichanganywi na za wakili. Lakini hawajaulizwa watafanya nini siku karani wa masjala atakapodai "chai" ndipo faili lionekane, ilhali mjane anayedhulumiwa shamba anangoja kortini tangu alfajiri. Swali hilo ndilo somo lenyewe. Wahadhiri na walitoe darasani, nasi mawakili twende tukalijibu mbele ya vijana. Anayefunzwa kuitaja haki tu, ataiuza.