Gemu zetu zavuka mpaka, watengenezaji wakwama viza

MFANYABIASHARA anayevusha maharagwe Busia anajua jambo moja: bidhaa isiyo na wa kuisemea sokoni huuzwa kwa bei anayoitaka mnunuzi. Watengenezaji wa gemu za simu na kompyuta katika ukanda wetu wamo katika hali hiyo. Bidhaa yao haihitaji lori wala cheti cha asili, kwani hupakuliwa kwenye simu popote duniani. Anayekwama mpakani ni mwenye bidhaa.

Mojawapo ya masoko makubwa ya biashara hii ni Game Developers Conference (GDC), mkutano unaofanyika San Francisco, Marekani, kwa kawaida mwezi Machi. Ulianza mwaka 1988 sebuleni kwa mtengenezaji gemu Chris Crawford, ukiwa na watu wasiofika 30. Mwaka 2019 ulivuta watu takriban 29,000. Kwa jina ni mkutano wa mafunzo, lakini pembeni ya kumbi ndiko watengenezaji wanakokutana na wachapishaji wenye mitaji.

Kuhudhuria ni jambo moja, kuzungumza jukwaani ni jingine. Mhudhuriaji hulipia pasi, kisha huwasaka wanunuzi mmoja mmoja. Msemaji hupewa pasi bila malipo, na akishuka jukwaani wanunuzi ndio humfuata. Kwa hiyo nafasi ya kusema si heshima tu, ni mtaji.

Na wasemaji wetu wana cha kuuza. Wanajua kutengeneza gemu inayokubali kwenye simu ya bei nafuu, isiyomaliza bando, na ambayo mteja asiye na kadi ya benki anaweza kuilipia kwa pesa za simu. Kampuni inayotaka wateja wapya Afrika haiwezi kuyakwepa maarifa hayo.

Mfano upo. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi zikatimia dola 300 za kumnunulia kompyuta mpakato. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza gemu ya amani aliyoiita Salaam. Mwaka 2018 alitunukiwa katika hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles. Kufikia wakati huo alikuwa akiishi Marekani, na kampuni yake, Junub Games, ikawa huko. Kipaji kilikuzwa kwetu, biashara ikasajiliwa kwingine.

Wanaobaki nyumbani hukutana na ukuta wa viza. Ombi la viza ya Marekani ya kutembelea au ya biashara hugharimu dola 185, na ukinyimwa fedha hazirudi. Nauli na malazi ni juu ya msemaji. GDC yenyewe imewahi kushuhudia wasemaji walioalikwa wakishindwa kufika kwa kunyimwa viza.

Haya yanamhusu vipi anayeuza vitenge Namanga? Gemu ikipendwa, wahusika wake huingia kwenye fulana, madaftari na mikoba ya shule. Hizo ni bidhaa za kuvushwa na wafanyabiashara wetu. Leo mikoba mingi ina picha za katuni za kigeni, na faida ya picha hizo huenda ugenini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshamfungulia njia mfanyabiashara mdogo: bidhaa zilizoorodheshwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa utaratibu rahisi. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho tu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inagusa pia huduma. Mtengenezaji gemu anastahili kunufaika na milango hiyohiyo.

Pa kuanzia papo. Maonyesho ya Jua Kali/Nguvu Kazi huzunguka katika nchi wanachama, na wachonga vinyago na washona nguo wana mabanda yao humo. Kumtengea mtengenezaji gemu banda na saa moja ya jukwaa hakuhitaji mkataba mpya. Mchapishaji wa ng'ambo anayetaka soko letu naye aje, akate tiketi na aombe viza.

Wanaoweza kufika San Francisco waende, tena waombe kuzungumza. Ila soko lisitegemee uamuzi wa ofisa mmoja nyuma ya dirisha la ubalozi.