Huru Haimaanishi Safi

Kila uchaguzi ukinukia, kuna mtu kwa kaunti yenu anayetangaza kwamba ameachana na vyama. Mabango yake hayana rangi ya chama chochote. Nembo amejichagulia mwenyewe, labda tochi, labda ufunguo. Kwa TikTok anaongea kama msee wa mtaa. Na kabla amalize sentensi ya tatu tushampa kiti cha ugavana kichwani mwetu. Kisa na maana? Hana chama.

Mimi nina shida na hilo neno "huru". Tumelifanya cheti cha maadili.

Soma Katiba, Kifungu cha 85. Mgombea huru ni mtu ambaye si mwanachama wa chama kilichosajiliwa, na hajakuwa mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Miezi mitatu tu! Sheria haiulizi alikuwa wapi miaka kumi na mitano ya kabla ya hapo. Mtu anaweza kula na vyama tangu enzi za Kibaki, akatoka mapema Mei, na Agosti akasimama mbele yenu kama mtoto aliyezaliwa jana. Mwaka wa 2017 uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti, na mchujo wa vyama vikubwa ukafanyika Aprili. Hesabu ni rahisi. Aliyebwagwa kwenye mchujo mwishoni mwa Aprili alikuwa na siku chache tu za kuandika barua ya kujiuzulu, na walioiandika walikuwa wengi. Uhuru wa aina hiyo ni wa mtu aliyekosa tikiti.

Mwaka huo huo Ndiritu Muriithi alitwaa Laikipia bila chama, na Mohamed Kuti akatwaa Isiolo vivyo hivyo. Walikuwa wageni? Muriithi alikuwa amekuwa mbunge wa Laikipia Magharibi na waziri msaidizi. Kuti alikuwa amekuwa mbunge wa Isiolo Kaskazini, waziri katika serikali ya Kibaki, kisha seneta. Sisemi hilo ni doa. Nasema walikuwa na faili, tena nene, na hakuna mpiga kura aliyekuwa na sababu ya kuwapima kwa hotuba za jukwaani pekee.

Sasa tuongee sisi wenyewe, kizazi cha Juni 2024. Tulijiita watu wasio na kabila wala chama. Tulisoma Mswada wa Fedha kifungu baada ya kifungu, watu wakautafsiri kwa lugha za mama, wengine wakauchambua kwa video ya dakika mbili hadi mathe wa mboga akaelewa. Hiyo kazi ilikuwa ngumu kuliko kusoma ripoti ya ukaguzi ya mtu mmoja. Lakini mgombea huru akija, bidii yote inayeyuka. Tunatazama chopa imetua na amevaa raba, basi imeisha hiyo. Kwani tulisoma mswada kwa sababu ulikuwa na chama?

Tena huyu ndiye anahitaji kusomwa zaidi. Sidanganyiki kwamba vyama huchuja watu. Mwaka wa 2022 Johnson Sakaja alikuwa tayari na tikiti ya UDA ya ugavana wa Nairobi wakati maswali kuhusu shahada yake ya Team University ya Uganda yalipolipuka, na yalifika hadi mahakamani. Lakini angalau kwa chama kuna wapinzani wa mchujo wanaochimbuana, kuna katibu wa kulaumiwa, kuna sajili. Mgombea huru anakuja peke yake na hadithi anayoisimulia mwenyewe. Na ukiuliza nani anailipia ile chopa, hutapata jibu kirahisi. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ipo tangu 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zilipita bila viwango vyake kutumika.

Faili hizi ziko wapi basi? Nyingi hazijafichwa. Kama jamaa aliwahi kuwa mbunge, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu hazina ya CDF ya eneo lake ziko kwa mtandao, mwaka kwa mwaka, eneo bunge kwa eneo bunge. Kama alikuwa Mwakilishi wa Kike, tafuta za NGAAF. Usiishie kwa jedwali la mbele. Nenda pale mkaguzi anapotoa maoni yake: amesema hesabu ni sawa, amesema ni sawa ila kwa mambo fulani, amesema hazifai, au amesema hakuonyeshwa stakabadhi za kutosha na hawezi kusema lolote? Hilo la mwisho linasikika pole, lakini ndilo baya kuliko yote. Kisha tafuta mradi ambao pesa zimetoka na ukuta haujafika kwa lenta. Uko karibu? Panda matatu uende ukaupige picha.

Atakwambia CDF husimamiwa na kamati na meneja, si mbunge. Kisheria ana hoja. Lakini basi asingeandika jina lake kwa lango la kila choo cha shule.

Hansard nayo iko wazi. Angalia alisema nini, na zaidi ya hapo, alinyamaza lini. Mtu anayetaka kuwa gavana na hakuwahi kusimama Bungeni hata siku moja kuongea juu ya hospitali za kaunti, hiyo huruma ya wagonjwa aliipata jana?

Mgumu kabisa ni yule ambaye hajawahi kushika ofisi. "Mfanyabiashara aliyefanikiwa." Hapo watu huacha kuuliza, ilhali ndipo kazi inaanzia. Kupitia eCitizen, kwa ada ndogo, unaweza kuomba CR12 ya kampuni uone wakurugenzi na wenye hisa. Linganisha majina hayo na kampuni zilizopewa tenda na kaunti yenu. Bibi yake, ndugu yake, jirani yake wa nyumbani. Kisha ingia Kenya Law, ambako hukumu za mahakama zinasomwa bure. Mimi ningeanza na Mahakama ya Ajira na Leba. Anayeahidi ajira kwa vijana, je, ameshtakiwa na dereva wake kwa kutolipa mshahara? Halafu Mahakama ya Mazingira na Ardhi, maana Kenya hii ukitaka kumjua mtu, angalia mashamba aliyogombania na aliyegombana naye.

Hapa tuwe waangalifu, manze. Ukiandika jina moja tu utapata watu mia, na utamchafua mwalimu wa Murang'a asiyejua lolote. Tumia majina yote matatu, kampuni, mwaka, mahali. Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Soma hukumu hadi mwisho, uangalie kama kulikuwa na rufaa. Na ukikuta alilipa wafanyakazi wake, akamaliza mradi, akarudisha pesa zilizobaki, chapisha hilo pia. La sivyo wewe ni bloga wa kukodishwa tu, ila hujalipwa.

Ambacho hakiko mtandaoni, omba. Kifungu cha 35 kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Kutuma ombi ni bure na hulazimiki kueleza sababu. Wakikukalia, mpelekee Ombudsman. Fomu za kutangaza mali ndizo hazifunguliwi hivi hivi kwa kila mwananchi, na mgombea anayejiita huru anaweza kuchapisha yake leo bila kungoja ruhusa ya chama. Mwambie hivyo akija kwa steji.

Kuna jambo jingine ambalo hatuulizi kabisa. Mwaka wa 2022 Kawira Mwangaza, bila chama, aliwashinda Kiraitu Murungi na Mithika Linturi kule Meru. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumbandua mara tatu. Seneti ilimwokoa Desemba 2022, ikamwokoa tena Novemba 2023, na Agosti 2024 ikaidhinisha aondoke. Kuna wanaosema alionewa na MCA wenye njaa, kuna wanaosema alijiletea. Chagua upande wako. Mimi nauliza swali lililopaswa kuulizwa kabla ya kura: gavana asiye na hata MCA mmoja wa chama chake atapitisha bajeti na nani, na katika kazi zake za awali amewahi kukaa meza moja na watu asiowapenda wakatoka na kitu?

Na mgombea mwenza je? Gavana akifa au akibanduliwa, naibu ndiye anayerithi kiti na pesa zote. Tumeona Nyeri 2017, Bomet 2019, Kiambu 2020. Mgombea huru humchagua mwenzake bila kujadiliana na chama chochote, kwa hivyo huyo naye hajachimbuliwa na mtu. Machi 2025 Mahakama Kuu ilikataa kumrudisha Mwangaza, na Isaac Mutuma, aliyekuwa naibu wake, akaapishwa kuwa gavana wa Meru. Waliojipanga foleni ile Agosti 2022, ni wangapi walikuwa wamegugo jina lake hata mara moja?