Mzazi wa kijana mwenye wasiwasi asaidiwe, asilaumiwe

KIJANA akianza kujifungia chumbani, kukwepa shule na kujibu kwa mkato, wa kwanza kushtakiwa huwa ni wazazi wake. Jamaa watasema mama amemdekeza. Majirani watasema baba haonekani nyumbani. Mwalimu naye ataandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi huyu hatii bidii. Methali isemayo mwana umleavyo ndivyo akuavyo, ambayo wahenga waliitoa kama wasia, imegeuzwa kiboko cha kumchapia mzazi.

Lawama hizo hazimponyi kijana. Mzazi aliyeaibishwa huficha tatizo, na tatizo lililofichwa hukomaa. Ikiwa kweli twataka kuwafaa vijana hawa, hatuna budi kumsaidia kwanza yule anayekesha nao.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Wasiwasi uliopita kiasi ni miongoni mwa matatizo yanayowapata sana. Kwa kadirio hilo, darasa la wanafunzi 45 laweza kuwa na vijana 6 wa aina hiyo. Kwa hivyo, mzazi, usidhani nyumba yako pekee ndiyo iliyopatikana na jambo hili, hata kama mtaani hakuna anayelitaja.

Yafaa ieleweke kwamba si kila ukimya ni ugonjwa. Kijana aliyebalehe hutaka faragha, hununa, na huona marafiki zake wana maana kuliko wazazi. Hayo ni ya umri. Lakini akiacha kandanda au kwaya aliyoipenda, akikosa usingizi au hamu ya chakula, akiwakwepa hata rafiki zake, na hali hiyo ikadumu wiki mbili au zaidi, usingoje ipite yenyewe. Mpeleke akaonwe na daktari.

Wasiwasi una ujanja wake. Chukua mfano wa mtoto anayeamka kila Jumatatu akilia tumbo. Usimwite mwongo. Mtu akiogopa, moyo humwenda mbio, misuli hukaza na tumbo huvurugika, kwa hivyo maumivu yake ni ya kweli. Kwa huruma, unamwambia abaki nyumbani. Kufikia saa nne tumbo limetulia, naye amejifunza kwamba dawa ya hofu ni kukimbia. Jumatatu inayofuata hofu inarudi na nguvu zaidi.

Siku moja subira inakuishia, unafoka na kuchukua mshipi. Sasa mtoto ana hofu mbili: ya shule na yako.

Njia ifaayo iko katikati. Mwambie maneno mawili kwa pamoja: naona unaogopa, na naamini utaweza. Kisha mpangie hatua ndogo ndogo. Zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha ili wiki hii mtoto ahudhurie masomo machache ya asubuhi, na wiki ijayo aongeze. Msifu kwa kila hatua, hata kama alitetemeka njia nzima. Iwapo kuna mtu anayemtesa au kumdhulumu huko shuleni, hilo litatuliwe kwanza. Hakuna haki ya kumrudisha mtoto kwa mtesi wake.

Kuyasema haya ni rahisi. Kuyatenda saa kumi na moja alfajiri, basi la shule likipiga honi na kazi ikikungoja mjini, ni jambo jingine. Hakuna mzazi anayezaliwa akiyajua. Sharti afunzwe.

Na kumfunza mzazi kuna faida inayopimika. Mwaka wa 2020, mwanasaikolojia Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti uliohusu watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 wenye maradhi ya wasiwasi. Kundi moja la watoto lilitibiwa lenyewe na mtaalamu. Katika kundi la pili, walioonana na mtaalamu ni wazazi pekee, wakafunzwa jinsi ya kumwonyesha mtoto imani na kuacha kumsaidia kuikimbia hofu. Watoto wa makundi yote mawili walipata nafuu sawa. Watoto hao hawakuwa Wakenya, na wengi wa vijana wetu wa shule za upili wamewazidi umri. Hata hivyo, funzo ni wazi: mzazi ni sehemu ya tiba.

Basi tuwape nafasi hiyo. Mikutano ya wazazi shuleni, ambayo aghalabu humalizikia kwenye karo na alama za mtihani, itengewe saa moja ya kuzungumzia jambo hili mbele ya mshauri. Kliniki inayomwona kijana imwite na mzazi, imsikilize bila kumhoji kama mshukiwa. Vyama vya akina mama, makanisa na misikiti huchangia mazishi na arusi kwa moyo mkunjufu. Vinaweza pia kumkalia kitako mama asiyelala kwa sababu ya mwanawe.

Nawe mzazi, usijifiche. Tafuta mtu mmoja wa kuaminika umweleze. Wazazi wawili mkubaliane neno moja, asiwe mmoja anatetea na mwingine anatisha. Mtoto husoma uso wako kabla ya kusikia maneno yako. Ukiwa umechoka kupita kiasi, hofu yako itamwambukiza.

Lakini kijana akizungumzia kufa, au akijijeruhi, mambo ya hatua ndogo ndogo yaache. Usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vyenye makali, na umfikishe hospitalini siku hiyo hiyo. Usizuiwe na hofu ya polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mtoto wa aina hiyo ni mgonjwa, si mhalifu. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto nayo hupigwa bila malipo.

Mkono mmoja haulei mwana. Wiki hii, ukisikia kijana wa jirani hatoki chumbani, usiulize alilelewaje. Mpigie mamake hodi, umuulize yeye mwenyewe anaendeleaje.