Jua ni la wote, shamba liko na mwenyewe

Goma iko na mtambo wa jua wa Nuru tangu 2020, megawati 1,3. Kindu nayo iko katika mpango wao. Siku wakifika Kasongo na Kabambare, tuseme nini?

Sisi hatukatai. Tumechoka kununua mazutu ya grupu. Lakini pano zinataka udongo, na sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Leta. Mgodi mkubwa wa Namoya ulisimama 2019. Tulijifunza kama ahadi ya mdomo hailiwi.

Basi, malipo ya mashamba yaandikwe kwanza, mbele ya wenye kulima, wamama pia. Nyaya zifike hospitali na mashine ya kusaga, hapana mgodini tu. Bila karatasi ile, mtu asitoe shamba.