Mwalimu akiuliza bei tarehe 15, usimkasirikie

Wapambanaji wenzangu, kuna maneno nayaona sana kwenye magrupu ya wauzaji: "Walimu na manesi wasumbufu, wanauliza bei halafu wanapotea." Mimi nauza viatu na mikoba mtandaoni, niko Buhongwa. Wateja wangu wengi ni hao hao, na naona tunawaonea.

Uchumi ukiyumba, mshahara wa mtumishi wa serikali haukatwi. Unaachwa palepale, bei ndo zinapanda. Hela ni ile ile, ila sokoni imepungua.

Mnakumbuka Mei Mosi 2021, hapa hapa Mwanza, CCM Kirumba? Rais Samia alisema mwaka ule mishahara haipandi, corona imeuchapa uchumi. Akashusha kodi ya mshahara ngazi ya chini kutoka asilimia 9 hadi 8, akaahidi nyongeza mwaka unaofuata. Kweli 2022 ikaja asilimia 23.3, ila hiyo ilikuwa ya kima cha chini. Waliokuwa juu yake walipata kidogo sana, Julai watu wakalalamika. Na mwaka huo mafuta ya kula na nauli vilishapanda.

Weka na mkopo wa chuo. Tangu sheria ibadilishwe 2016, makato yametoka asilimia 8 hadi 15. Mwenye mshahara wa laki 7 inaondoka 105,000 kabla hajanunua hata sukari.

Kwa hiyo akiuliza bei katikati ya mwezi, anapanga. Maoni yangu ni haya:

1. Usimsukume akachukue kausha damu ili anunue mkoba wako. Utauza leo, halafu miezi sita humuoni.

2. Mwekee mzigo, alipe kidogo kidogo, achukue akimaliza.

3. Posti mzigo mpya mishahara ikikaribia, siyo tarehe 10.

4. Mei Mosi ikitangazwa nyongeza, usipandishe bei siku hiyo hiyo. Mwaka 2025 pale Singida ilitangazwa kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000, lakini kuanzia Julai. Ukipandisha Mei, unamtoza hela ambayo hajaipata.

Mshahara wao ukibanwa, duka langu na lako vinabanwa pia. Tuwatunze.

Wewe wateja wako wengi ni akina nani, na mwezi ukiwa katikati unafanyaje? Andika hapo chini tujifunze.