Agave haidai maji, inadai nafasi

Katika mitaa ya Tucson, Arizona, kuna adhabu ambayo mimea hupewa bila kosa. Mwenye nyumba hununua agave aina ya americana ikiwa na ukubwa wa kikapu, akaipanda kando ya njia ya mlangoni. Miaka inapita, mmea unatanuka hadi mita 3, na majani yenye mwiba mweusi nchani yanaanza kuchoma suruali za wageni. Hapo msumeno hutolewa. Majani ya chini yananyolewa mpaka agave inabaki kama nanasi kubwa lililosimamishwa juu ya changarawe.

Msomaji wa Tanga au Kilifi anamjua ndugu yake: mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kwa miche iliyotoka Florida, ikanusurika 62 tu. Lakini mkonge hukatwa majani kwa sababu yanakwenda korona kutolewa singa. Anayenyoa agave ya bustanini hapati hata kamba. Anaupokonya mmea ghala lake, maana maji na sukari ya kuulisha mlingoti wa maua vimo ndani ya majani hayo.

Dawa ni kupima nafasi kabla ya kuchimba shimo. Dawa nyingine, ambayo wauza miche hawaipigii debe vya kutosha, ni kuachana na americana na kupanda agave ya palmeri, mwenyeji halisi wa vilima vya kusini mwa Arizona na vya Sonora, Mexico. Hukua kufikia upana wa mita moja na ushei, ukubwa ambao ua wa kawaida unauweza. Haina ule ubuluu wa americana unaowapendeza wapiga picha, hilo ni kweli.

Inacho kitu kingine. Maua yake hufunguka kiangazi, na ifikapo Julai popo wa pua ndefu waliosafiri kutoka Mexico hufika kunywa nekta yake usiku na kubeba chavua. Mwaka 1988 popo hao waliwekwa kwenye orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mwaka 2018 waliondolewa, wa kwanza miongoni mwa popo wa nchi hiyo kutoka humo kwa kuwa wameongezeka. Wakazi wa Tucson walishiriki kuwafuatilia kwa kuandika usiku ambao popo walikuja kumaliza maji ya sukari yaliyotundikwa kwa ajili ya ndege wavumaji. Anayepanda palmeri anawawekea chakula chenyewe.

Utunzaji wake unawashinda wenye bidii. Agave hufungua vitundu vya majani usiku, jua likiwa limezama, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Ikishashika mizizi kwenye udongo wa changarawe, mvua za Julai hadi Septemba huitosha kwa sehemu kubwa, na kuimwagilia kila siku ni kuiozesha. Adui wa kweli ni fukusi, yule yule anayeshambulia mkonge Afrika Mashariki. Jike hutaga mayai chini ya majani, mabuu wanatafuna moyo, uozo unaingia, na mmea unalala ghafla.

Ukisalimika, baada ya miaka kumi au thelathini utatoa mlingoti mmoja wa mita kadhaa, utazaa mbegu na kufa. Wapo wanaoukata mlingoti ungali mchanga wakidhani wanaokoa mmea. Hawauokoi, na popo wanakosa chakula.

Mlingoti ukishakauka ni mwepesi na mgumu, haustahili kwenda jalalani. Waapache, wenyeji wa asili wa Arizona, huuchonga zeze, na mmoja wa mafundi wao, Chesley Goseyun Wilson wa San Carlos, alipewa tuzo ya taifa ya sanaa za jadi mwaka 1989 kwa kazi hiyo.