Tahadhari: Msifunge Kikoa cha Ofisi kwa Seva Moja

Wakuu wa shule, viongozi wa SACCOS, wenye zahanati na mawakala wa mizigo wa Kigoma, Ujiji na Kibirizi: kabla fundi hajaingiza kompyuta zenu zote kwenye kikoa kimoja cha Active Directory, msimamisheni kwanza. Kosa la siku ya kufunga halionekani siku hiyo. Hujitokeza seva inapozima, na wakati huo kazi zote zimeshaitegemea.

Kikoa hicho huendeshwa na seva ya saraka, ndiyo inayotunza majina ya wafanyakazi, nywila zao na ruhusa zao. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilifuta seva za saraka za kampuni ya meli ya Maersk duniani kote. Ilisalimika moja tu, nchini Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika kirusi kilipopita. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 300.

Kwetu adui wa kwanza ni umeme. Mkoa huu uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, na wakazi wa Mwanga na Katubuka wanajua umeme ukirudi unavyounguza vifaa. Kipuri kikikosekana hapa, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Hata seva isipoungua, angalieni betri yake ndogo ya saa, ile bapa kama sarafu. Ikiisha, umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka. Tofauti ya saa kati ya kompyuta na seva ikizidi dakika 5, mfanyakazi anaweza kukataliwa ingawa nywila yake ni sahihi.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, hakikisheni haya:

1. Seva za saraka ni mbili, kila moja na UPS yake, na ikiwezekana zikae vyumba tofauti.

2. Jina la kikoa limetokana na jina mlilosajili wenyewe, kama la .co.tz au .or.tz. Jina la kubuni huleta migongano, na kulibadilisha baadaye ni kazi ngumu mno.

3. Kompyuta zote zinauliza DNS kwa seva zenu, si kwa ruta ya intaneti. Zikiuliza ruta, hazitaiona saraka.

4. Nakala rudufu inatolewa mara kwa mara, moja inatunzwa nje ya mtandao, na imejaribiwa kurejeshwa. Kwa mpangilio wa kawaida, nakala ya saraka iliyopita siku 180 haifai tena.

5. Akaunti kuu ya msimamizi haitumiki kwa barua pepe wala kazi za kila siku, na nywila yake haibaki kwa fundi peke yake.

6. Msikubali Windows Server 2012 R2 kwa sababu ya bei. Muda wake wa kawaida wa masasisho ya usalama uliisha 10 Oktoba 2023.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawabana ninyi mnaotunza taarifa za wagonjwa, wanafunzi na wanachama.

Fundi akiwaambia seva ya pili ni anasa, msitie saini. Kama fedha inatosha seva moja tu, ahirisheni kikoa mpaka mpate ya pili.